Kanisa la Saa Tisa

Mimi huuza mapazia ya mtumba Githurai 45, na ukiuza mapazia kwa miaka kumi na minne unajifunza jambo moja: mteja akikuambia "nitarudi," huyo usimhesabu. Hesabu aliyelipa akabeba. Kwa hivyo kanisa letu la Kamenu, kule Thika, liliponiteua niwe wa kusimama mlangoni na kuhesabu watu katika kanisa changa walilokuwa wakilipanda Mwihoko, sikuringa sana. Nilijua tu kwamba, kwa mara ya kwanza, kamati imempa mtu kazi anayoiweza.

Wazee wetu walikuwa wametoka semina ya siku tatu ya kupanda makanisa, wakarudi na ramani. Ilibandikwa ukutani, na kila mtaa kati ya Thika na Githurai ambao haukuwa na kanisa letu ukachomwa pini nyekundu. Mwihoko ilikuwa na pini mbili. Mimi nadhani moja ilidondoka kutoka Ruiru ikarudishwa mahali pasipo pake, lakini mwenyekiti wa wazee alisema ni ishara. Huyu mwenyekiti alikuwa msimamizi wa shifti katika kiwanda kimoja cha Thika mpaka alipostaafu, na kazi ya Mungu aliipanga kama mashine: kila mtu na kituo chake, kila kitu na saa yake.

Mkakati ulikuwa huu. Mwinjilisti mmoja kijana ahamie Mwihoko na familia yake. Kila Jumapili gari la kukodi litoke Kamenu na waumini wa kwenda kumtia nguvu. Ibada ianze saa nne kamili asubuhi. Baada ya mwaka mmoja na nusu kanisa lisimame lenyewe. Na kulikuwa na sharti lililopigiwa mstari mara mbili: tusihesabu kondoo wa wengine. Mtu akitoka kanisa la jirani akaja kwetu, huyo amehama tu, hakuna aliyeongezeka. Hilo sharti lilinipendeza. Hata sokoni, kuhamisha pazia kutoka kamba hii hadi ile si kuuza.

Mimi tayari nilikuwa mkazi wa Mwihoko, katika ploti nzuri yenye kisima chake, na Jumapili nilikuwa nikisafiri hadi Kamenu. Kanisa kuletwa karibu na mlango wangu niliona ni faida. Tukapewa darasa la nasari moja tulitumie Jumapili. Viti vilikuwa vya watoto. Mtu mzima akiketi, magoti yanamfikia kidevuni, na mzee mmoja kutoka Kamenu ilibidi ainuliwe na watu wawili wakati wa baraka. Ukutani kulichorwa tembo, nanasi, na namba kuanzia moja hadi ishirini.

Nilikuwa nikihesabu mara mbili kila ibada: mara ya kwanza wakati wa nyimbo, mara ya pili mahubiri yakifika katikati. Kuna watu huja kwa nyimbo tu, na kuna wengine huchelewa makusudi ili wazikwepe. Mwezi wa saba tulifika arobaini na sita. Nikaandika, nikapeleka Kamenu. Niliambiwa ramani iliondolewa pini moja ya Mwihoko ikawekwa bendera ya karatasi.

Kisha Jumapili moja gari likaharibika njiani, karibu na Ruiru. Siku hiyo nilihesabu tisa. Nikarudia, kwa sababu tisa ni namba ndogo, huenda nimeruka safu. Tisa. Nikamtoa mwinjilisti, mkewe na watoto wao wawili, wakabaki watano. Nikajitoa mimi mwenyewe, maana mimi ni wa Kamenu. Wanne: fundi wa viatu, mkewe, na dada wawili wa saluni.

Sikulala vizuri. Si kwa uchungu wa roho zilizopotea, niseme ukweli. Ni ile aibu ya mfanyabiashara aliyegundua kwamba miezi saba amekuwa akijiuzia mwenyewe.

Kikao cha wazee kilichofuata nilikwenda Kamenu nikaomba nafasi ya kusema.

"Mama, una nini?" mwenyekiti akaniuliza.

"Nina wanne."

"Wanne nini?"

"Watu wa Mwihoko. Wale wengine wote ni nyinyi. Tunamwaga Kamenu pale saa nne, tunaizoa saa saba."

Mzee mmoja akafungua faili. "Lakini ripoti inasema arobaini na sita."

"Hiyo ripoti niliandika mimi, mzee. Vichwa vilikuwa hapo, nilivihesabu mara mbili. Hakuna aliyeniuliza vinalala wapi."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mtu aliyesimamia mashine miaka mingi anajua mashine inayozunguka bila kutoa kitu. Akasema gari lisimame, lisiende tena. Kisha akaweka sharti: mwaka ukiisha, Mwihoko iwe na watu hamsini wanaolala huko na ambao hawakutolewa kanisa lingine. La sivyo darasa lirudishwe kwa mwenyewe na mwinjilisti arudi Kamenu.

"Hamsini ni wengi, mzee," nikasema. "Ishirini."

"Wee mama, hapa si Githurai."

"Najua. Githurai ungekuwa umeshaniambia arobaini."

Akacheka bila kutaka. Tukapanda, tukashuka, tukakutana thelathini. Nilitoka hapo nikijisifu kwamba nimemshusha mwenyekiti wa wazee kwa watu ishirini. Nilikuwa nimefika stendi niliposhtuka kwamba mimi nina wanne.

Aliyekuwa na cha kupoteza zaidi ni mwinjilisti. Alikuwa ameacha kazi ya kiwanda Ruiru, akahamisha watoto shule, akahamia nyumba ya vyumba viwili ambayo mkewe aliniambia kimoja ni cha kugeukia tu. Akirudishwa Kamenu angerudi kama mtu aliyefeli, na kwetu aliyefeli hapewi pini nyingine. Nilipompa habari alikunja mikono, akatazama yule tembo wa ukutani.

"Ni ugumu wa mioyo," akasema. "Mwihoko ina roho ya ugumu."

Tukafunga siku tatu kupigana na roho ya ugumu wa Mwihoko. Kamenu walituma wazee wawili, wakatembea mtaa mzima wakiomba kila kona, kutoka kwa wauza mkaa mpaka barabara ya lami. Mimi pia nilifunga. Siku ya pili niliuza vizuri sana, nadhani ni hasira ya njaa, sikumpunguzia mtu hata mmoja. Jumapili ikafika. Nikahesabu wakati wa nyimbo, nikahesabu wakati wa mahubiri. Tisa wale wale. Namba zilizochorwa ukutani zilikuwa zinatubakia.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtu wa magharibi, aliyekuwa amenunua kwangu mapazia ya madirisha mawili. Alikuwa mgumu wa bei kuliko mimi, na hilo silisemi kwa mtu yeyote. Tulipokwama nilimwambia, "Nakupunguzia, lakini Jumapili uje kanisani." Akasema sawa. Hakuja. Jumapili ya pili hakuja. Ya tatu, nikaamua kumfuata, kwa sababu pazia nilikuwa nimelitoa kwa bei ya wokovu na wokovu sikuuona. Nyimbo zilipoanza nikamwachia dada wa saluni mlango, nikatoka.

Anakoishi ni mistari miwili tu ya nyumba kutoka kwangu. Nilipokata kona ya pili nikaona watu. Wanawake, wanaume wachache, mitungi ya njano na ya bluu imepangwa kwa foleni iliyozunguka ploti nzima mpaka kwa mlango wa duka la dawa. Kulikuwa na kelele, vicheko, mtu mmoja anagombana na mwingine kuhusu mtungi uliosogezwa. Mfereji mmoja wa bomba. Na yule mama wa omena karibu na mbele, leso kiunoni, mikono imelowa.

Akaniona. "Mama wa mapazia! Umekuja kuchota ama umekuja kunichota?"

"Nimekufuata. Uliniahidi."

"Mayi wee! Niliahidi, kweli. Sasa niambie. Hapa maji inakuja Jumapili saa nne. Ikifika saa sita inaenda, haionekani mpaka Jumapili ingine. Na Mungu wako pia anakuja saa nne. Nikimchagua Mungu, Jumatatu watoto wataoga na zaburi?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Hata mimi walinipatia karatasi ya mwaliko. Saa nne! Nikasema hawa ni watu wa nyumba za tangi."

Nilisimama pale nikiwa na Biblia kwapani na viatu vya Jumapili, na kisima changu nyuma yangu mistari miwili. Miezi kumi ya kanisa hili nilikuwa nimeishi jirani na jambo hili nisilione, mimi ninayejiita macho ya soko. Tumefunga kula kupigana na roho, na adui yetu alikuwa ratiba ya maji.

Nikahesabu foleni. Siwezi kujizuia. Mara ya kwanza nilipata thelathini na watano, ya pili thelathini na sita, kuna mmoja alikuwa ameinama.

"Saa ngapi ingekufaa?" nikamuuliza.

"Eh, sasa tunauziana?" Akatua mtungi. "Saa tisa. Maji iishe, tupike, tufue, watoto wapakwe mafuta."

"Saa nane."

"Saa nane nitakuja na sabuni ya masikio. Tisa."

"Nane na nusu."

"Mama, wewe ndiye umetembea kuja hapa. Mimi sijakuita. Tisa, na isipite kumi na moja, kuna watu hapa wako na shifti ya usiku."

Nikakubali tisa. Mara ya pili yule mama kunishinda bei.

Nilirudi mbio darasani, nikangoja baraka, nikawaketisha mwinjilisti na mkewe kwenye vile viti vidogo, nikawaeleza. Mwinjilisti alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Mkakati unasema saa nne. Hata kwa fomu ya ripoti imeandikwa, ibada ya saa nne. Nikibadilisha watasema ninajipangia."

Hapo mkewe akasema, taratibu, akimfunga mtoto kamba ya kiatu: "Kwetu pia maji hutoka Jumapili saa nne."

Tukamgeukia wote wawili.

"Ulijua?" mumewe akauliza.

"Baba, tangu tuhamie mimi hununua maji ya mkokoteni Jumatatu. Nilidhani huo ndio msalaba wenyewe."

Mwinjilisti alifunika uso kwa mikono. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na akicheka huwa hana sauti, mabega tu. Alipomaliza akasema, "Saa tisa."

Kwamba tulinyamaza bila kuwaambia Kamenu, hilo ni kosa langu, silipeleki kwa mwingine. Yeye alitaka kuandika barua. Nikamwambia nguo haitandikwi mbele ya mteja kabla haijapigwa pasi, tungoje tupate watu kwanza, namba itatutetea. Akakubali. Alikuwa na haraka zaidi na jambo lingine: Jumapili iliyofuata saa nne alikwenda kwa mfereji na mitungi yake minne.

Walimpokea vibaya. Wa kwanza walidhani ni mtu wa siasa. Wa pili walidhani amekuja kuhubiria watu ambao hawawezi kukimbia, kwa kuwa ukikimbia unapoteza nafasi. Lakini yule kijana alichota maji yake, akabeba, akarudi, akamsaidia shosho mmoja, bibi kizee, kubeba yake hadi orofa ya tatu, akashuka akiwa ameloa kifua chote, na hakufungua mdomo kuhusu injili. Alipoulizwa yeye ni nani ndipo aliposema. "Na ibada ni saa tisa," akaongeza. "Isipite kumi na moja."

Jumapili hiyo ya kwanza nilipata watu kumi na mmoja, bila kuhesabu familia yake na mimi. Mama wa omena alikuja wa mwisho, akakitazama kile kiti cha nasari, akakitazama tena, akaketi sakafuni. Ya tatu, kumi na sita. Kisha ikashuka mpaka kumi na wawili, mvua, na nikaugua moyo. Kisha kumi na tisa. Watu wakaanza kuleta viti vyao, vibao vya jikoni, hata mtungi mtupu uliogeuzwa. Wanawake wakachangia mkeka. Fundi wa viatu akajifunza nyimbo za magharibi, anaziimba vibaya kwa furaha kubwa. Kwa hesabu yangu watu walikuwa wakiongezeka polepole, lakini wanaolipa na kubeba.

Mwisho wa mwaka ulipokaribia, wazee wa Kamenu walikuja bila kutuambia. Ndivyo wasimamizi wa kiwanda hufanya, wakitaka kuona mashine huja wakati haijafutwa. Jumapili, saa nne kasoro, niko kwenye foleni nikimshikia mtu mtungi, simu ikalia. Mwenyekiti.

"Mama, habari ya asubuhi."

"Njema, mzee. Na Kamenu?"

"Kamenu sijui. Mimi niko hapa Mwihoko mlangoni, na wazee wawili. Tunahubiriwa na kufuli."

Nikamwelekeza aje tulipo. Baada ya dakika chache wakatokea kwenye kona, wazee watatu wamevaa suti za kijivu, mwenyekiti mbele na tai yake nyekundu. Waliona mwinjilisti wao, mikono ya shati imekunjwa, suruali imekunjwa, anaburuta mitungi miwili saa ya ibada.

"Haiya," mwenyekiti akasema, pole pole. "Sasa umekuwa mchuuzi wa maji?"

Mwinjilisti akatua mitungi. Nikaingilia. Nikamweleza yote: maji, saa nne, saa tisa, na kwamba ni mimi niliyesema tusiseme.

"Kwa hivyo mmenificha."

"Ndiyo, mzee."

"Ibada ya Jumapili ni saa nne tangu nizaliwe."

"Maji ya hapa pia."

Hakucheka. Nikaona amekwisha kuamua, anatafuta tu mahali pa kugeuzia gari. Nikafanya kile nilichojua kufanya. "Ngoja mpaka saa tisa," nikamwambia. "Umetoka Thika. Ukirudi sasa umeona kufuli. Ukingoja, utaona kilichoko, kiwe kidogo, kiwe kikubwa. Ukiona hakuna kitu, ufunguo nitakupatia mimi kwa mkono wangu."

Kabla hajajibu, mama wa omena akamtazama toka juu mpaka viatuni. "Mzee, wewe unangoja tu? Basi nishikie laini nikaangalie maharagwe isiungue." Akaondoka.

Mwenyekiti akabaki amesimama kando ya mtungi wa njano, hajui aushike au asiushike. Foleni ikasogea. Akausukuma kwa kiatu. Ikasogea tena, akainama akaushika kwa mkono.

"Wewe mzee wa tai!" sauti ikatoka nyuma. "Laini inaanzia huku kwa duka ya dawa! Ama suti yako ndiyo tiketi?"

"Nimeshikia mtu!" akajibu, na nikasikia msimamizi wa shifti ameamka. "Ameenda kwa maharagwe!"

"Wote husema hivyo!"

"Mama, mimi ni mzee wa kanisa!"

"Hata hao husema hivyo!"

Ilipofika saa sita maji yakakatika, kama kawaida, katikati ya mtungi wa mtu. Kufikia hapo suti tatu za Kamenu zilikuwa zimeloa magoti, na mwenyekiti alijua ni ploti gani ina ngazi mbaya. Mke wa mwinjilisti akawapikia. Hawakusema neno juu ya kulifunga kanisa au kutolifunga, nami sikuuliza. Ukishaweka bei mezani, nyamaza.

Saa tisa nilisimama mlangoni na daftari. Walikuja vile huja, kwa makundi, watoto wanang'aa mafuta. Nilihesabu wakati wa nyimbo. Ishirini na wanane. Nikahesabu mahubiri yakifika katikati. Ishirini na wanane. Nikazunguka nyuma nikahesabu migongo. Ni wale wale.

Mwinjilisti alikuwa ananitazama kutoka mbele huku akihubiri, na alipoona uso wangu akajua. Wimbo wa mwisho ulipoanza alinisogelea.

"Ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Askari wa nasari yuko mlangoni. Na yule wa mkokoteni wa maji ameingia, ameketi."

"Askari analipwa kuwa hapo. Wa mkokoteni anangoja kurudishiwa mtungi wake."

"Mama, ni wawili tu."

Ni wawili tu. Nilikuwa nimeshaandika arobaini na sita bila jasho, miezi saba, na kila kichwa kilikuwa cha kweli. Sasa nilihitaji viwili, na mkono ulikataa. Wale ishirini na wanane niliwajua kila mmoja, mlango wake, mtungi wake wa rangi gani. Kuwachanganya na askari niliona ni kama kuwaibia.

Mwenyekiti akasimama mbele. Akawashukuru kwa chakula na kwa foleni. Kisha akaniuliza hadharani, na nikamjibu hadharani: ishirini na wanane, wote wanalala Mwihoko, na ni mimi niliyekubali thelathini.

Akaeleza sharti, kwa upole, kwa Kiswahili kizuri. Kwamba Kamenu ilipanga hivi. Kwamba kazi ni kubwa na watu ni wachache. Kwamba huenda ikabidi kanisa hili lifungwe kwa sasa na mwinjilisti arudi.

Mama wa omena akainua mkono kutoka mkekani, akasimama kabla hajapewa ruhusa.

"Mzee, samahani. Mtafunga nini?"

"Kanisa, mama. Tawi hili."

"Ndiyo, lakini mtafunga nini? Darasa ni ya mwenye nasari, na yeye tumeongea naye. Mkeka tulichanga. Saa tisa mlikuwa hata hamjui iko. Mimi nilibatizwa nyumbani nikiwa msichana, na tangu nije huku miaka sita sijakanyaga kanisa ya mtu, kwa hivyo msiseme nimeibwa mahali. Mkifunga, funga. Jumapili saa tisa sisi tutakuwa hapa. Mwinjilisti mkimchukua ni sawa, ni wenu. Lakini mtakuwa mmetuharibia, kwa sababu huyu ndiye hubebea shosho maji."

"Orofa ya tatu," shosho akasema kutoka nyuma.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alisimama akiwa na karatasi yake mkononi. Nilimwona akiwatazama mmoja mmoja, midomo inasogea, na nikajua anahesabu. Alipofika mwisho akaanza upya kutoka upande ule mwingine.

"Nilikuja kufunga kitu nikidhani ni changu," akasema. Akakohoa. "Mwinjilisti atabaki."

"Basi Jumapili awahi kwa laini," mama wa omena akasema akiketi. "Leo alichelewa."

Watu wakacheka wakatoka nje, na mke wa mwinjilisti akabaki ndani akipanga vile viti vidogo haraka haraka, akivigonganisha, hataki mtu amwone uso. Mimi nilisimama pale mlangoni na daftari langu. Nimewahi kuuza robota nzima ya mapazia kwa siku moja na nikarudi nyumbani nikiimba. Haikuwa kama hii. Kwa mwenyekiti niliandika ishirini na nane kwenye fomu, mahali palipoandikwa ibada ya saa nne nikafuta nne nikaweka tisa, naye akatia sahihi juu ya pale nilipofuta bila kuuliza.

Kisha akaniita kando. Mbele ya lango wanawake walikuwa wamesimama kwa duara, wanapangana kwa sauti. Kule ng'ambo ya barabara maji hutoka Jumatano asubuhi, mmoja alikuwa akisema, na foleni yao ni ndefu kuliko yetu. Mwingine akasema yeye Jumatano hana kazi, anaweza kwenda na mitungi miwili. Mama wa omena akasema waende watatu, wasibebe Biblia siku ya kwanza, na wasijaribu kuambia watu waje hapa, ni mbali. Wawaulize wao saa ngapi inawafaa.

Mwenyekiti aliwasikiliza mpaka wakamaliza kugawana majukumu.

"Huo mkakati," akaniuliza kwa sauti ya chini, "nani amewapa?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hata mimi nilikuwa nausikia saa hiyo.